Kumtafutia Kaka Kichwa cha Besi

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Mtoto wetu wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akisema anatoa mluzi, na kaka zake wanamlipa pipi ili aseme tena. Wifi yako anasema lile sufuria ulilomwazima mwaka juzi bado analitunza vizuri, maana yake harudishi. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie apunguze kupanda ngazi kwenda kutafuta umbea kwa jirani wa juu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu utasema "sawa, sawa", na ukishakata umesahau nusu. Karatasi utaenda nayo kazini.

Ni hivi. Ukumbi tunaopigia dansi kila Jumapili mchana umepata mwenye mpya, na yule wa zamani ameondoka na vyombo vyake vyote, pamoja na amplifaya ya besi niliyoitumia miaka kumi na moja. Kiongozi wa bendi ametangaza kwamba kila mpigaji sasa ajitegemee. Maboksi mawili ya spika nimeyapata kwa bendi iliyovunjika. Ninachokosa ni kichwa, yaani amplifaya yenyewe. Kiongozi amenipa mpaka mwisho wa Julai. Agosti ikinikuta mikono mitupu, nafasi yangu anapewa mwingine. Kwa sasa mpiga kinanda anaziba pengo kwa mkono wake wa kushoto, na anaringa sana.

Vichwa vipya huku bei yake ni ya kusimuliwa tu. Wewe unafanya kazi kwenye ghala la vitu vilivyotumika, kwa hiyo niangalizie. Nataka cha bei ya mtu anayesugua sakafu za watu, lakini kisiniaibishe mbele ya ukumbi uliojaa.

Kaka yako


19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Goti la Mama limetulia, na ameniagiza niandike hivi hivi: haendi kwa jirani kutafuta umbea, anaenda kuupeleka. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya alfajiri, kwa hiyo sasa nyumba nzima tunaamka naye, tupende tusipende. Kuhusu sufuria, mwambie wifi silidai. Ila kifuniko chake ninacho mimi, tuone nani atachoka kwanza.

Haya, hicho kichwa. Unajua kazi yangu hapa ni kupima majokofu na feni. Nyuma kabisa ya ghala, baada ya mashine za kufulia, kuna vitu vya muziki ambavyo hakuna anayevijali. Nimekuta vichwa vitatu. Cha kwanza ni kikubwa na ndani kina taa za vioo kama chupa ndogo za dawa. Cha pili kimeandikwa wati elfu moja kwa herufi za dhahabu. Cha tatu ni cheusi, hakina maringo, kimeandikwa mia tatu.

Nimevipima kama ninavyopima majokofu. Nimewasha vyote saa nzima, kisha nikaenda nyuma ya kila kimoja nikanusa. Hakuna kilichonuka. Bosi wetu, ambaye tunamwita Risiti kwa sababu hata ukimsalimia ni kama anataka risiti ya salamu, alinikuta nimeinama nanusa, akaniangalia, akaondoka.

Sasa nieleze. Kwa nini kinaitwa kichwa? Kwa nini spika haimo ndani kama kwenye redio? Wati elfu si bora kuliko mia tatu? Na ile alama nyuma, penye tundu la spika, inayofanana na kiatu cha farasi, yenye namba nne pembeni, ni nini? Nimemuuliza kila mtu hapa na wote wanajifanya wana kazi.

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka wifi yako akaja kuniangalia. Miaka yote hii sijasikia mtu amenunua amplifaya kwa pua.

Watoto wazima. Mimi nimemaliza sakafu ya benki moja, ghorofa mbili, mashine mikononi tangu asubuhi mpaka jioni. Nimechoka lakini sijambo.

Sikiliza. Kinaitwa kichwa kwa sababu kinakaa juu ya maboksi. Vimetenganishwa ili usibebe vyote kwa mara moja ukavunjika mgongo. Wati ni nguvu, lakini namba ya mbele huandikwa na muuzaji. Wewe geuza nyuma, usome kinakula umeme kiasi gani. Hakiwezi kutoa zaidi ya kinachokula. Hicho kiatu cha farasi ni alama ya omu, yaani mzigo ambao kichwa kinaweza kubeba. Maboksi yangu kila moja limeandikwa nane. Ukiyaunga mawili pamoja, namba haijumlishwi, inagawanyika: inakuwa nne. Kwa hiyo kichwa kinachoruhusu nne kinanifaa kabisa. Kisichoshuka chini ya nane kitaungua siku ya kwanza, usikiguse. Mwisho, tafuta tundu la kupeleka sauti kwa fundi mitambo, maana ukumbi wetu ni mrefu.

Kupima lazima upate gitaa la besi. Azima popote. Kila nafasi kati ya chuma na chuma kwenye shingo ya gitaa iite chumba. Kidole cha shahada weka kwenye uzi mnene, chumba cha tatu, piga mara nne taratibu. Kisha sogeza mkono wote, kidole cha kati kiangukie chumba cha tano, mara nne. Rudi. Halafu uzi unaofuata, vyumba vile vile, kwa mtindo ule ule. Fanya hivyo sauti ikiwa robo, nusu, kisha robo tatu, na uniambie inaanza kupasuka wapi. Usiniandikie kwamba ni nzuri. Niambie umesikia nini.

Kaka yako


30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima, watoto wazima, shemeji yako analala kwenye kochi saa moja jioni akiwa na kijiko mkononi.

Nimepata gitaa. Nyuma ya ghala kuna shule, na mwalimu wao wa muziki ni mteja wetu. Ni mzee mpole, masikio yake ni makubwa na anaongea taratibu sana. Nimemtengenezea feni ya darasa, naye ananiazima besi saa ya chakula cha mchana. Maboksi tunayo humu humu ghalani.

Chenye taa za vioo: sauti ilijaa taratibu, ikawa kama imepakwa mafuta. Lakini tulikiinua watu wawili, na mmoja wetu alitukana. Mwalimu anasema taa zikifa, kuzipata ni kazi. Nimekiacha.

Cha dhahabu: robo ni sawa. Nusu kikaanza kukohoa kama mtu aliyepaliwa. Nimegeuza nyuma kama ulivyosema. Kinakula tisini. Kaka, mtu anakula tisini atatoaje elfu? Nimekasirika kama vile nilikinunua.

Cheusi: robo, nusu, robo tatu, hakikupasuka. Mabati ya ghala ndiyo yaliyoanza kulia. Risiti alitoka ofisini mbio akidhani lori limegonga ukuta. Kinaruhusu nne. Tundu la fundi mitambo lipo. Nakibeba kwa mkono mmoja. Feni yake inavuma kidogo, basi. Bei yake ni chini ya jokofu la mlango mmoja, na nimemwomba Risiti akiweke kando.

Sasa maswali. Kwa nini ile sauti ya chini niliisikia tumboni kabla ya masikioni? Na kwa nini nikisimama kwenye kona ya ghala inakuwa nene, nikienda katikati inapotea, wakati anayepiga ni yule yule? Mwalimu alinipigia nikazunguka ghala zima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nijibu haraka. Kiko kando lakini hakijalipiwa.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ni nyingi. Wote wazima.

Hicho cheusi, ile feni inayovuma inanitia wasiwasi. Kwenye nyimbo za taratibu watu wataisikia. Endelea kutafuta. Bado kuna muda.

Kaka yako


20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Umeandika barua fupi kuliko risiti za Risiti. Ulichelewa karibu mwezi na nusu, na hukujibu swali langu hata moja. Wewe, ambaye nikiwa darasa la pili ulinieleza mwezi unaishi wapi mchana mpaka nikalala.

Feni nimeibadilisha. Nimetoa moja kwenye kompyuta mbovu, nikaifunga kwa raba chini ili isitetemeshe boksi. Sasa kimya kabisa, inabidi uweke kiganja nyuma ujue inazunguka. Hiyo habari imekwisha.

Ila kuna jambo. Mama aliongea na wifi kwenye simu. Wifi akasema gitaa lako liko juu ya kabati tangu Machi, limefunikwa shuka. Mtu anayesubiri kichwa si ndiyo angekuwa anafanya mazoezi? Umegombana na kiongozi? Niambie tu, sitamwambia Mama. Kisha unijibu habari ya kona.

Mdogo wako


17 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Gitaa liko juu kwa sababu watoto wanalichezea. Sijagombana na mtu.

Nimefikiria kuhusu hicho kichwa. Kimeandikwa nne na maboksi yangu ni nane, haviendani. Waambie wakiuze. Kama hakuna kingine, basi hakuna, nitamwambia kiongozi nimekosa. Umejitahidi sana, ahsante.

Kaka yako


25 Juni

Kaka,

Shikamoo. Leo sianzi na habari za watoto.

Barua yako ya Machi ninayo, imeshika mafuta na vumbi la ghala lakini inasomeka. Umeandika kwa mkono wako kwamba kichwa kinachoruhusu nne kinakufaa kabisa. Sasa ghafla hakifai. Nimeunga maboksi mawili ya nane nikakiacha kinapiga saa nzima, na wala hakikupata joto. Wewe huwezi kukosea kitu hicho. Ni kama mimi nikuambie jokofu linapika. Umenidanganya makusudi, na umedanganya vibaya, kwa kitu ulichonifundisha mwenyewe.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa napiga ule mtindo wako, shahada chumba cha tatu, mkono wote mbio, kidole cha kati chumba cha tano. Mwalimu alikuwa kwenye kiti anakula chungwa. Akaniuliza, "Nani amekufundisha kukimbia hivyo?"

Nikasema, "Kaka yangu. Anapiga besi miaka kumi na moja."

Akasema, "Kidole cha pete na cha mwisho viko pale pale juu ya chumba cha tano, huhitaji kusogeza mkono. Mtu aliyepiga miaka kumi na moja hawezi kukuelekeza hivyo." Akamaliza chungwa lake, akafuta mikono. "Isipokuwa hawezi kuvitumia."

Nimeisoma tena barua yote. Hakuna hata mahali pamoja ulipotaja kidole cha pete wala cha mwisho. 

Kaka, mkono wako una nini?

Mdogo wako


16 Julai

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nne.

Ni vidole viwili vya mwisho, mkono wa kushoto. Vilianza kufa ganzi Desemba. Mashine ya kusugua sakafu inatetemeka siku nzima na mimi ndiye ninayeishika. Nilidhani ni uchovu. Februari nilipokuandikia, nilikitaka kichwa kweli, niliamini vitaamka. Machi nilikaa kitandani na gitaa mapajani, nikawa naandika kile ambacho mkono ulikubali kufanya. Sikugundua kwamba nakufundisha ugonjwa wangu. Nilipoisoma barua yako niliona aibu, kisha nikacheka, kisha sikucheka tena.

Ulipoandika kwamba cheusi ni kizuri, niliogopa. Kichwa kikikosekana, watu wanasema maskini, hana chombo. Kikipatikana, watasema haya, piga. Ndiyo maana nikaanza kutafuta kasoro. Hiyo feni wala haikunisumbua.

Nimeenda kwa daktari mara moja. Anasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko. Niiache mashine miezi sita, kisha tutaona, na hakuniahidi kitu. Wifi yako anajua nimechoka tu. Kiongozi anajua nimekosa amplifaya tu. Mdogo wangu, mimi hawaniiti jina, wananiita Besi. Hata muuza vocha wa kona ananiita hivyo. Nikiacha, wataniitaje? Unaweza kuniona mjinga, lakini hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Habari ya kona: sauti ya chini ni ndefu, ikigonga ukuta inarudi na kukutana na nyingine. Kwenye kona zinarundikana, katikati zinauana. Ningekujibu Aprili, lakini kila nilipofikiria besi nilijisikia vibaya.

Na acha kupiga kwa vidole viwili. Una vinne, na vyote ni vizima.

Kaka yako


22 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimelia kidogo nyuma ya majokofu. Risiti akaniuliza kama nimepata hasara. Nikamwambia ndiyo, akanipa nusu siku.

Wewe si mjinga. Lakini mwambie wifi leo, kabla hujamaliza kusoma karatasi hii. Amekaa na wewe miaka yote hiyo, unadhani hajaona shati unalifungaje vifungo? Na kwa kiongozi nenda mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Usimwache akuhukumu kwa kukosa chombo, maana chombo unacho. Nimekinunua. Kiko chini ya kitanda changu, na Mama anakipangusa vumbi kama mgeni wa heshima.

Mimi pia nilikuficha kitu. Kichwa kile kilishapimwa kikaisha tangu mwisho wa Machi. Kila mchana tangu hapo nimekuwa nikirudi kule nyuma, na sikuwa napima kitu. Nilikuwa napiga. Mwalimu ameniongezea nyimbo, na mbili ni zile mnazopiga nyinyi, nilizikumbuka kwa sababu ulikuwa ukizipiga sebuleni nikiwa naosha vyombo. Sikukuambia kwa sababu niliona kama naiba.

Nina likizo Agosti. Nakuja na basi, nimekipakata. Siji kuchukua nafasi yako, na mtu akiniambia hivyo tutakosana. Nakuja kuleta kichwa na kukuuliza maswali uso kwa uso, ambako huwezi kujifanya barua imechelewa.

Mdogo wako


4 Septemba

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na Mama amekuacha ukapumzika. Huku wazima. Wifi yako amegundua umeondoka na sufuria. Amesema hiyo ni vita.

Daktari amenifungia kiwiko. Mashine nimeiacha, napiga hesabu za vipimo vya sakafu ofisini, nachoka kwa kukaa. Kidole cha pete jana kilihisi maji ya moto. Kidogo tu, usimwambie mtu kwamba nimepona.

Kiongozi anauliza utarudi lini. Nilipomweleza habari ya mkono mwishoni mwa Julai alisema, "Miezi yote hii nilikuwa nakutukana moyoni kwamba wewe bahili." Anasema mpiga kinanda ataendelea kushika besi mpaka ijulikane nimesimama wapi, na ukija tena zile nyimbo mbili ni zako.

Sasa jambo lenyewe. Ile Jumapili ya Agosti kiongozi alipokuomba upige zile nyimbo mbili, uliposhuka jukwaani uliniuliza mbele ya watu nilikuwa wapi wakati unapiga, nikasema nilienda kununua maji. Ulinitazama tu. Nimeona nikuambie ukweli.

Ulipogusa uzi wa kwanza nilijisikia vibaya sana. Wivu, mdogo wangu, wivu wa kitoto. Cheusi kile kilikuwa kinanguruma vizuri kuliko kile nilichokizoea, na mikono iliyokuwa juu ya gitaa haikuwa yangu. Sikuweza kusimama pale pembeni. Nikapita katikati ya watu, nikatoka mpaka mlango mkubwa, nia yangu niende zangu nyumbani.

Nikafika mlangoni, nikasimama. Miaka kumi na moja nimepiga ndani ya ukumbi ule, kila Jumapili nikiwa hatua mbili kutoka kwenye ngoma. Sijawahi hata siku moja kusikia bendi yetu kutoka mlangoni. Sikujua kwamba besi ndiyo inayofika kwanza, kabla ya kinanda, kabla hata ya mwimbaji. Sikujua kwamba watu wanaopita barabarani wanaanza kubadilisha mwendo kabla hawajajua wanasikia nini. Nilimwona mama mmoja na kapu lake akifanya hivyo. Kumbe miaka yote hiyo ndicho nilichokuwa nikifanya, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Mlinzi akaniuliza, "Besi, unamsubiri mtu?"

Nikamwambia hapana, nasikiliza.

Kaka yako